Mstari Juu ya Kilima cha Baba

Kambi ya wapimaji, 9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na wasiwasi wangu wote uko kwenye goti lako la kushoto, ambalo najua hujalipeleka hospitali kwa kuwa unaamini mafuta ya kukandia yanatibu kila kitu isipokuwa kifo. Mwambie mama kwamba lile blanketi alilonilazimisha kubeba, nikanuna nalo mpaka stendi, ndilo linaloniokoa. Huku juu baridi haina adabu. Mpe haki yake, alisema.

Simu wametunyang'anya siku ya kwanza, sisi na wenzetu wa upande wa pili, ili asitokee mtu wa kupeleka namba mjini kabla hazijakubaliwa. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Lori la chakula linapanda mara moja kwa wiki, na likishuka linabeba barua. Ikichelewa usidhani nimekununia.

Siku ya kuondoka uliniambia kwamba nchi mbili zilizouana haziwezi kupimiwa mpaka kwa kamba kama kiwanja cha nyumba. Mjomba, ndivyo tunavyofanya. Wale wasuluhishi watano kutoka nchi za mbali, waliokaa miaka miwili wakisikiliza pande zote, wameandika kwa maneno mpaka unapita wapi. Sisi wapimaji, watatu wa kwetu na watatu wa kwao, kazi yetu ni kuyatoa maneno kwenye karatasi na kuyasimika ardhini, nguzo baada ya nguzo. Kila upande unasoma chombo cha kupimia cha mwenzake. Mimi nainama kwenye chombo chao, nasoma namba kwa sauti. Mkubwa wao anainama kwenye changu, anasoma yake. Tukitofautiana hakuna kubishana, tunarudi nguzo ya nyuma tunaanza upya. Na upande mmoja usipofika asubuhi, kazi inasimama. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa asiyekuwepo lake lipo, na tunamsubiri.

Huyo mkubwa wao ni mzee mrefu, mwembamba, hacheki ovyo. Kila tukinyanyua chombo anasema, "Taratibu, taratibu," hata kama kimebebwa na mtu mwingine mbali naye. Vijana wa kwetu wamekwisha kumbatiza jina: Bwana Taratibu.

Nikuambie jambo moja halafu unicheke. Jana nilisimama katikati ya bonde kushika chombo. Kushoto askari wetu na bunduki zao, kulia askari wao na zao, na wote wametulia wakimsubiri mpwa wako amalize kufuta miwani. Wewe na baba mlipita bonde hili mkiwa mmelala kifudifudi. Mimi nimepita nimebeba chupa ya chai. Nimeona makubwa maishani, lakini hili sikujua nilicheke au nilipigie magoti.

Wasalimie wote kibandani kwako. Nitaandika tena.

Mpwa wako

*

Kibandani, 26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti halijambo na halihusiki. Mama yako mzima wa afya. Amepaka rangi mlango wa jikoni bila kumwambia mtu, sasa nyumba nzima ina doa la kijani kiwikoni, na ukilalamika anakuuliza kwani wewe hukuona mlango umebadilika. Mwenye nyumba wa hapa ninaponyolea ametishia tena kupandisha kodi. Nikamnyoa vizuri, akasahau.

Barua yako nimeisoma mbele ya wazee wenzangu wa jeshini, wale wanaokuja kunyolewa nywele ambazo hawana. Koplo, unamjua, yule wa sauti kubwa, alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kile kilima hatukukichukua kwa chupa ya chai." Hakuna aliyecheka. Nami sikucheka.

Usinielewe vibaya. Vita sivipendi, anayevipenda hajaviona. Na tafadhali usije ukaniletea ile ya tembo na nyasi, nimeisikia tangu shule ya msingi. Ninachouliza ni kwamba watu watano wenye majoho, ambao hata mmoja hajawahi kupanda kile kilima, wanajuaje kilituuma wapi? Wameangalia ramani. Sisi tuliiangalia ardhi yenyewe, tena kwa karibu sana, kwa pua.

Umeandika kurasa nyingi na swali moja umelikwepa. Mstari unapita wapi kileleni? Baba yako alikuwa shemeji yangu na rafiki yangu, na nilimzika kwa mikono hii pale juu. Naomba unijibu hilo tu. Mengine ya Bwana Taratibu ni ya kuchekesha watoto.

Mama yako anakusalimu. Nilimuuliza kama ana neno la kukuandikia, akasema nikuambie uvae soksi.

Mjomba wako

*

Kambi ya wapimaji, 21 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Soksi nimevaa, jozi mbili. Nimeugua mafua nikapona. Dawa alinipa mpishi wa upande wa pili, na mpishi wetu akanuna siku nzima kwamba kwani yeye hana dawa. Mwambie mama kijani ni rangi nzuri, ila nikirudi nitapita mlango wa mbele.

Nikusimulie aibu yetu kwanza, maana makao makuu ya nchi zote mbili bado yanaijadili.

Unajua kwenye chombo kuna mahali namba haikai sawasawa, inakuwa kati ya alama hii na ile, na msomaji inabidi aamue. Kila upande huchora mstari wake kutokana na alichosoma mtu wake, halafu jioni tunailinganisha. Wakubwa walituonya kwamba mistari itapandana, kwa sababu kila mmoja atavutia kwake. Basi tumepima ubavu mzima wa bonde, tumefika jioni, tumeweka michoro mezani. Mistari haikupandana. Iliachana. Katikati ulibaki ukanda mwembamba, upana wa kitanda cha mtu mmoja, ambao si wa kwetu wala si wa kwao.

Mimi, kila nilipokuta namba inayoyumba, niliwapa wao, nisije nikaitwa mwizi. Bwana Taratibu naye, kumbe, kila alipokuta namba inayoyumba alitupa sisi, kwa sababu hiyohiyo. Nchi mbili zilizozika vijana kwa ajili ya ardhi hii zimeacha ukanda wake ukiwa hauna mwenyewe, kila mmoja anamwambia mwenzake chukua wewe. Bwana Taratibu aliutazama mchoro muda mrefu, mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mjomba, yule mtu asiyecheka, mpaka akaomba maji.

Ilibidi turudie ubavu wote. Hatukupewa pole na mtu. Lakini usiku ule sikuwaza kazi ya kurudia. Niliwaza kwamba hofu ya kuitwa mwizi imetufanya wakarimu, na kwamba pengine amani haihitaji watu wema sana, inahitaji tu watu wanaosomeana namba. Nimebaki na mshangao huo kifuani na sijui niuweke wapi.

Sasa swali lako. Nimelizunguka na ulikuwa sahihi kunikemea.

Bonde lote na malisho yake ni letu, hata sehemu ambazo hatukuwahi kuzishika. Kilele ni chao. Kaburi la baba liko kileleni. Uamuzi unasema makaburi ya askari wa pande zote mbili yabaki yalipo, yatunzwe, na ndugu waruhusiwe kupita. Siku ya kwanza ya Julai jeshi letu linakabidhi. Nchi zote mbili ziliweka sahihi kabla ya kusikilizwa kwamba zitakubali uamuzi wowote, na kilele kisipokabidhiwa siku hiyo, mkataba wote umevunjika. Wanajeshi wao wako chini ya ubavu wa pili, wamesogezwa karibu. Nimeona mizinga yao kwa macho yangu.

Nisamehe kwa kuwa mimi ndiye wa kukuambia, kabla hujayasikia redioni.

Mpwa wako

*

Kibandani, 3 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zimenishinda leo. Mama yako mzima.

Nimeisoma barua yako peke yangu, nikaifunga, nikafunga na kibanda.

Umeniambia mwenyewe kwamba upande mmoja usipofika, kazi inasimama. Basi siku mtakapofika pale, tumbo likuume. Ukae kitandani. Kesho yake kichwa. Hakuna atakayekufunga kwa kuumwa tumbo. Mambo ya serikali yakisimama kidogo huwa yanasahaulika, nimeyaona mimi. Sijawahi kukuomba kitu tangu nianze kukulea.

Na ujue kwamba sisi hatutakaa mikono mifukoni. Koplo amepata lori. Siku hiyo ya Julai tutapanda, wazee wote tuliobaki wa kikosi chetu, tukae kileleni juu ya wenzetu. Hatutabeba hata kisu. Anayetaka kututoa atutoe.

Usinijibu kwa mahubiri. Nijibu kwa tumbo.

Mjomba wako

*

Kambi ya wapimaji, 8 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa, na safari hii lori halina kosa. Nimekuandikia na kuchana, nikaandika tena nikachana. Afya yangu nzuri. Natumaini umelala vizuri siku hizi, maana mama ameniandikia mstari mmoja tu: "Mjomba wako anafagia kibanda usiku." Hakusema zaidi, nami nisingetaka aseme zaidi.

Tulifika kileleni katikati ya Mei. Pamefungwa tangu vita viishe, hakuna raia aliyeruhusiwa, kwa hiyo tangu mlipoondoka mimi ndiye wa kwanza wa nyumbani kupaona. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa ukimya wake. Upepo unapita, nyasi fupi, na makaburi yako kama mlivyoyaacha, yetu upande huu, yao upande ule, na katikati nafasi ambayo ukinyoosha mikono unagusa wa huku na wa kule. Hukuwahi kuniambia kwamba mliwazika karibu hivyo. Nilisoma kibao baada ya kibao mpaka nikakuta jina la baba. Nilikuwa nimeshika fimbo ya kupimia. Nilisimama nayo hapo.

Bwana Taratibu alikuwa kwenye chombo, akinitazama kwa kupitia kioo, anasubiri niweke fimbo mahali pake. Alikiona kile kibao. Jina la ukoo wangu analijua, maana huliandika kila jioni chini ya namba zangu. Alifunika chombo, akasema upepo umezidi, tushuke. Upepo haukuwa umezidi.

Usiku sikulala. Barua yako ilikuwa chini ya mto. Mjomba, nataka ujue kwamba nilitaka kuumwa. Nilitaka sana. Ulinilea, ulinisomesha kwa mkasi na wembe, na hujawahi kuniomba kitu. Hilo ni kweli na linanikata. Nililala nikijua kwamba nikikaa kitandani siku chache tu, mambo ya mataifa mawili yanasimama. Ni jambo la kutisha, kuwa na uzito huo tumboni. Nililiogopa tumbo langu mwenyewe.

Asubuhi akaja kijana wa kwao kwenye hema letu. "Mkubwa anaumwa mgongo," akasema. "Leo kazi haipo." Nikatoka kumpa pole. Nikamkuta mzee amekaa kwenye kiti nje ya hema lake, mgongo umenyooka, anakunywa kahawa. Nikamsalimu, akaitikia. "Mgongo huu una tabia mbaya," akasema. "Lakini ni wa siku moja tu. Kesho utakuwa umepona." Kisha akaangalia kule kileleni, akasema, "Nenda mwanangu. Taratibu."

Nilikaa na baba kutwa. Sikuwa na la kumwambia, maana alikufa kabla sijajua kuongea. Nilimpangia mawe yaliyoporomoka. Nilikula mkate wangu pale. Nilimwomba radhi kwa ajili ya kesho yake. Na nilijiwa na jambo, si wazo, ni kama kujua: kwamba hakuna aliyelala pale, wa kwetu wala wa kwao, angependa aongezewe jirani.

Kesho yake sote tulifika. Nilisoma chombo chao, yeye akasoma changu, zikalingana mara ya kwanza. Nguzo tuliisimika pamoja, mikono ya pande zote juu yake, ndivyo sheria inavyotaka. Iko chini kidogo ya kaburi, upande wa kwetu. Kwa hiyo baba yuko kwao. Nimemweka mimi.

Mjomba, mkikaa kileleni siku hiyo, wenye mizinga wataona mkataba umevunjika, na askari wetu vijana watalazimika kuchagua kati yenu na amri. Sikuhubirii. Nakwambia nilichokiona. Heri nusu shari kuliko shari kamili, ulinifundisha wewe. Tunahamia mwisho wa mstari wiki hii, siku ya makabidhiano sitakuwepo. Fanya utakalofanya, mimi nitabaki mwanao.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 12 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na ile shikamoo ya mwezi uliopita pia naiitikia sasa, kwa kuwa sikuiitikia ilipofika. Mama yako mzima. Mimi mzima. Goti limeharibika na utajua kwa nini.

Tulikwenda. Barua yako niliisoma mara nyingi na bado nilipanda lori la Koplo, usije ukadhani ulinishinda kwa maneno. Tulikuwa lori zima la wazee, tunaimba nyimbo za kikosi, nusu maneno tumeyasahau. Tukafika kwenye kizuizi chini ya kilima. Pale kulikuwa na foleni ya watu wamebeba vikapu na majembe madogo, na mbele kabisa, amevaa viatu vyake vya kutokea, alisimama dada yangu. Mama yako. Asubuhi aliniaga anakwenda sokoni.

Kumbe alisikia redioni habari za makaburi, akaenda mwenyewe kuomba kibali, akarudishwa, akaenda tena, akarudishwa, akaenda akakaa kwenye benchi lao mpaka wakampa. Mwezi mzima, na mimi nikidhani hana neno zaidi ya soksi.

Nikashuka. Nikamwambia, "Dada, rudi nyumbani, leo hapa patakuwa pabaya."

Akasema, "Pabaya kwa nini?"

Nikamwambia tunakwenda kukaa juu, tukilinde.

Hakupandisha sauti. Unamjua. Akasema, "Kaka, miaka yote mmekilinda, na miaka yote sijafika. Kilipokuwa chetu walinirudisha kwenye kizuizi hikihiki. Leo kinakwenda kwa wenyewe, nimepewa ruhusa ya kumwona mume wangu. Mkikaa pale watafunga njia. Sasa kilindeni, lakini mjue mnamlinda asinione mimi."

Mwanangu, mimi nimepigwa risasi na nimepona. Hili sijui. Tangu baba yako azikwe sikuwahi kumsikia dada akitamka neno "mume wangu". Alisema marehemu, alisema baba wa mtoto. Wazee wote mle lorini walisikia. Koplo ndiye aliyeshuka wa kwanza, mwenye lori lake. Akavua kofia, akaenda kusimama nyuma kabisa ya foleni. Tukamfuata mmoja mmoja, bila amri.

Kwa hiyo makabidhiano nimeyaona nikiwa kwenye foleni. Askari wetu walishusha bendera, wakaikunja. Wao walikuwa wamejipanga chini ya njia, na nilisubiri wazomee. Mimi katika umri wao ningezomea. Walivua kofia, kikosi kizima, wakasimama hivyo mpaka wa kwetu wa mwisho akapita. Kisha kamanda wetu akamwendea kamanda wao, akampa ramani ya mabomu tuliyoyafukia. Akainama naye, akawa anamwonyesha kwa kidole: hapa lipo, hapa lipo, hapa usikanyage. Baadhi niliyafukia mimi, ili yamuue mtu kama huyo aliyekuwa anaonyeshwa. Nilishika bega la Koplo, naye alikuwa tayari ameshika langu. Nimeishi muda mrefu na sikujua kwamba dunia ina uwezo huo.

Baadaye wakafungua njia. Pale juu askari wao, mdogo kuliko wewe, akamuuliza mama yako amekuja kwa nani. Akajibu. Yule kijana akampa mkono kupita penye mawe, na mimi akaniambia, "Mzee, goti hilo, polepole." Nikamwitikia. Sikukusudia kumwitikia.

Mama yako alikaa chini kaburini, akanyoosha miguu kama aliyefika kwake. Mimi nikasimama pembeni. Akaanza kumweleza habari za nyumbani zote, kwa mpangilio, tangu mwaka ule. Paa lililoezuliwa na upepo. Nani amekufa, nani ameolewa. Mlango wa kijani. Jua likashuka, muda wa kufunga ukafika, yule askari akaja kutuita. Akamsikia anavyoongea, akarudi zake.

Akamaliza na wewe. Akamwambia umekua, umesoma, unavaa miwani, na soksi huvai mpaka usemwe. Kisha akanyoosha mkono kuelekea chini ya kaburi.

"Ile nguzo," akamwambia, "ameiweka mwanao."

Nami ndipo nikageuka kuitazama, maana tangu tufike nilikuwa nimeipa mgongo. Niliitazama vizuri, huku na huku. Imenyooka, mwanangu.

Mjomba wako